Githathi ya Bwana Hasketi

Kitasa kiligeuka.

Hapo ndipo nilipowaacha, na wiki nzima mmenisema vibaya. Mama mmoja alinishika koti pale stesheni ya Ruiru, mbele za watu, akauliza, "Wewe, huyo msichana ameshikwa ama hajashikwa?" Haya, mama, keti. Weka chai karibu, usiniulize tena njiani.

Ngendo binti Mburu alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu, kitambaa cha kupangusia vumbi mkononi. Kwenye rafu, chini ya shuka jekundu, alikuwa ametoka kuweka githathi ya kweli, lile jiwe la kuapia la Wagikuyu linaloua mwongo polepole, msimu kwa msimu. Ndani ya kiondo chake kulikuwa na jiwe lingine, lile lililokaa rafuni hapo tangu Krismasi. Hilo lilikuwa la uongo.

La uongo, ndiyo. Amida wa Makongeni, kule Thika, alilishuhudia kwa macho yake mawili likizaliwa. Alikuwa akianika nguo, akachungulia juu ya ua, akamwona jirani yake anatoboa jiwe kwa keekee ya seremala. Akamwona analifukiza kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Mwisho akamwona analisugua kwa rangi ya viatu hadi likafanana na kitu cha mababu. Kisha jirani akalifunga kwenye gunia, akapanda basi kwenda Ruiru kumuuzia Mzungu.

Jirani huyo aliitwa Wainaina. Na mlango ulipofunguka, aliyeingia alikuwa Wainaina mwenyewe.

"Unafanya nini hapa?"

"Napangusa vumbi."

"Vumbi! Siku ya mimi kuapa, wewe unahangaika na vumbi?"

Akafunga mlango kwa kisigino. Chumba hicho watumishi wengine walikikwepa. Bwana Hasketi alikuwa mkusanyaji wa vitu vya kale, na vitu vyake vilitoka kila pembe ya dunia: sanamu za Kongo zenye misumari kifuani, watakatifu wa mbao kutoka Meksiko, vikaragosi vya ngozi kutoka Java, farasi wekundu wa mti walioletwa kutoka Swideni. Na pale pembeni, kati ya farasi na watakatifu, ilining'inia ngao ndogo ya ngoma yenye alama ya zamani ya kuungua ukingoni. Baba yake Ngendo aliivaa begani alipokuwa kijana wa kutahiriwa. Kila asubuhi Ngendo aliifuta vumbi, na kila asubuhi alimeza mate machungu.

Macho ya Wainaina yakatua kwenye kiondo.

"Humo ndani umeweka nini?"

"Usifungue."

"Mimi ndiye wa kuambiwa usifungue?" Akakamata mkanda wake. "Unamwibia Bwana, sivyo?"

Ngendo alimwangalia usoni bila kupepesa. "Ni vitambaa vyangu vya mwezi. Fungua basi, uhesabu."

Uuui! Wainaina aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu, akapangusa mkono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. "Mwanamke, huna haya?"

"Haya ni yako, wewe unayechungulia viondo vya wanawake."

Akatema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni mtu mkubwa, mwenye duka la vitu vya kale karibu na stesheni ya Thika na jino la dhahabu. Akasogea kwenye rafu, akalipigapiga lile shuka jekundu kwa kiganja, kama mtu anayempongeza mbuzi wake.

"Leo mchana nitaapa mpaka jiwe lenyewe lichoke. Na wewe kesho utatafuta kazi kwingine."

Akatoka akipiga mluzi.

Ngendo aliuma mdomo asicheke. Ndiyo, asicheke! Kwani mlifikiri mtu aliyefiwa kazi yake ni kulia tu? Machozi ya Ngendo yalikauka mwaka ule lori lilipokuja kumchukua Mburu. Mtu alikuwa ametaja jina lake kwa askari, kwamba anawalisha wapiganaji wa msituni. Lori lilimchukua mzima, likarudisha koti lake tu. Nyumba ikachomwa. Na kabla ya kiberiti, Wainaina, siku hizo mkubwa wa walinzi wa kijiji, aliingia akatoka na ngao, kiti cha miguu mitatu na kibuyu cha pombe ya wazee. "Nilinunua," ndivyo alivyomwambia Bwana Hasketi. "Wenyewe walifurahi."

Ngendo hakutaka kiti. Hakutaka ngao. Alitaka Wainaina afe kwa mdomo wake mwenyewe, na afe akijua, akiamka kila msimu wa mvua anajipapasa mbavu kuona kama siku imefika. Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, na sitaipaka asali.

Ndiyo maana alipomshtaki Wainaina mbele ya Bwana, na Bwana akasema kwa furaha, "Basi yeye naapa kwa githathi ya mimi!", na Wainaina akakubali papo hapo, watu wote wa shamba walistaajabu ujasiri ule. Ngendo hakustaajabu; Amida alikuwa ameshamwambia. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, Gichuru.

Gichuru, mdogo wa marehemu Mburu, mwenye koti refu la kijivu asilolivua jua wala mvua, ndiye aliyejua githathi ya ukoo imefichwa kwenye pango gani. Tena ndiye aliyemwambia Ngendo tangu mwanzo kwamba aliyetaja jina ni Wainaina. Alisitasita kidogo. Kisha akalileta jiwe, limetundikwa kwenye mti mrefu, amelifunga kwa majani ya mgomba, akaliacha mpakani mwa shamba la kahawa la Bwana.

"Mwanamke haligusi hili, mwanangu," alimwonya. "Linamaliza uzazi."

"Mume wangu walimuua wiki moja na baba. Uzazi wa nini?"

Akalibeba. Akalipaka rangi ya viatu kwa mikono yake mwenyewe, ili linuke vile Wainaina alivyolizoea.

Sasa twende machimboni.

Bwana Hasketi alitaka kiapo kifanyike kwenye majani ya mbele ya nyumba, viti vimepangwa, kamera imesimama. D.O., afisa wa serikali, alikuwa ameshampa ruhusa, maana siku hizo Wagikuyu hawakukusanyika hata kuzika bila karatasi. Lakini mzee Mukonyo, aliyeitwa kusimamia, alikataa katakata.

"Githathi haikai karibu na nyumba wala shamba. Unataka kahawa yako ikauke, Bwana?"

Kahawa ndiyo ilimwelewesha. Wakashuka wote hadi machimbo ya zamani ya mawe, mahali pasipoota kitu. Bwana Hasketi alilibeba jiwe mwenyewe, kwa mikono mitupu, anatabasamu kama mtu aliyebeba keki ya arusi. Wazee walipomwona wakageuza nyuso.

Wanawake walibaki juu, ukingoni, mbali na upepo wa jiwe. Ngendo alikuta mtu mmoja asiyemtarajia ameketi pale, amejifunika leso hadi kidevuni. Mama yake, Njambi, ambaye siku zote kazi yake ilikuwa kusema acha wafu walale. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Witeithie.

"Mama! Si ulisema huji?"

"Nimekuja kuona mwisho," akajibu Njambi.

Chini, Mukonyo alilisimamisha jiwe juu ya vijiti, matundu yake sita na moja yakiangalia watu. Hesabu hiyo Mgikuyu wa kweli haitaji kwa neno moja, na mimi siitaji.

"Wainaina, wewe naapa sasa," akasema Bwana. "Mimi napiga picha."

Wainaina alivua kofia. Akachukua nyasi, akainama, na Ngendo kutoka juu akaona pua yake inacheza. Alikuwa ameinusa ile rangi ya viatu. Akatabasamu. Asiyeogopa kitu hakiangalii, naye hakuliangalia.

"Kama niliiba hata kijiko nyumbani kwa Mburu, githathi hii iniue!" Nyasi ikapita tundu la kwanza. "Kama mimi ndiye niliyetaja jina la Mburu kwa askari, githathi hii iniue!" Ikapita la pili. Akaendelea hivyo, sauti imejaa, hadi matundu yote yakaisha, na kamera inalia kwi, kwi.

Kula, jiwe, Ngendo alisema moyoni. Kula, usibakishe. Alijisikia mwepesi, karibu apige kigelegele.

Ndipo Mukonyo akageuka. "Sasa upande wa mlalamishi. Gichuru, njoo. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba ya Mburu."

Gichuru alishtuka. "Mimi? Mimi sishtakiwi."

"Anayeshtaki pia anapitisha nyasi. Ama umesahau? Bila hivyo kila mwenye chuki angeua mwenziwe na jiwe hili."

Ngendo hakulijua hilo. Angelijulia wapi? Ni mwanamke gani aliyewahi kusimama karibu na githathi aone inavyoapiwa? Gichuru alilijua tangu utoto, lakini alidhani mbele ya kamera ya Mzungu wazee watafupisha mambo. Mukonyo hakuwa mtu wa kufupisha.

"Mguu wangu hauinami," akasema Gichuru.

"Inama na ule mwingine."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mukonyo."

"Kanisa umelikumbuka sasa? Jiwe lenyewe mlilidai nyinyi!"

Watu wakacheka. Bwana Hasketi akatazama angani. "Mzee, pesi pesi! Jua nakwisha!"

Gichuru alichukua nyasi, akasogea, akasimama. Mkono ukaanza kutetemeka hata kule juu wanawake wakauona. Ngendo akajiambia ni uzee. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Lakini Wainaina naye aliuona ule mkono, na furaha ikamzidi akili. Mtu akishashinda, jamani, si anyamaze? Wapi!

"Muangalieni!" akapiga makofi. "Mzee mzima anatetemekea jiwe! Gichuru, hilo nimelitoboa mimi mwenyewe Makongeni, na keekee ya fundi! Pitisha nyasi twende nyumbani!"

Bwana Hasketi aliishusha kamera taratibu. "Wewe nasema nini?"

Jino la dhahabu likajificha. "Bwana, nilikuwa nafanya mzaha..."

"Githathi ya mimi iko ya uongo?"

"Bwana, wewe ulitaka githathi, mimi nikakupatia githathi. Ya kweli ingeua mpishi wako!"

"Na kiti ya chifu? Na kibuyu?"

"Kibuyu ni cha kweli, Bwana! Wallahi kibuyu ni cha kweli!"

Wazee walianza kunung'unika. Kiapo juu ya jiwe la uongo ni matusi kwa kila aliyesimama pale. Mmoja akainua fimbo. Mukonyo akataka kuondoka. Na hapo, msomaji, mkubwa wa walinzi wa zamani angetoroka na aibu ndogo ya tapeli tu, kama si Ngendo kusimama.

Njambi alimkamata nguo. "Kaa chini, mtoto! Huko si mahali pako. Nakuomba."

Ngendo aliivuta nguo, ikachanika, akashuka. Wanawake walipiga kelele arudi. Alifika mbele ya Wainaina, akakipindua kiondo. Jiwe likabingirika hadi kwenye viatu vyake.

"Hilo ndilo lako. Chukua, ulinuse."

Wainaina aliliangalia lile la miguuni. Akaliangalia lile la juu ya vijiti. Rangi ikamtoka usoni. "Na... na lile?"

"Lile ni la ukoo. Limetolewa pangoni. Rangi ya viatu nimeipaka mimi, usije ukaliona geni."

"Aca! Hapana!" akapiga yowe. "Aca, aca! Mukonyo, amesema uongo!"

Mukonyo aliinama, akachungulia, akarudi kinyumenyume amekunja mdomo. "Hili nililiona nikiwa kijana," akasema. "Ni lenyewe."

Ngendo akainua mikono yote miwili. Sauti yake iligonga ukuta wa mawe ikarudi. "Aliyetaja jina la baba yangu, awe nani, awe wa wapi, jiwe hili limle! Limmalize yeye na nyumba yake yote, asibaki wa kuzima moto!"

Laana ya yatima si kitu cha kuchezea. Hata Bwana Hasketi, ambaye hakuielewa, alivua kofia.

Wainaina alikuwa ameshapiga magoti. "Niliiba!" Machozi na kamasi, vyote pamoja. "Ngao niliiba, kiti niliiba, kibuyu niliiba! Nitakaseni! Mukonyo, leta kondoo, nitapike hiki kiapo! Nina watoto!"

Bwana akapiga picha. Ngendo akamtazama adui yake akigaagaa kwenye vumbi, na nasema wazi, ilimpendeza. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Akainama karibu naye.

"Bado. Na jina je? Sema ulivyolitaja."

Ndipo likatokea jambo asilolitegemea. Wainaina aliacha kulia.

"Jina?" Akapangusa pua. "Umesema jiwe ni la kweli?"

"La kweli."

"Basi kwa hilo haliniui. Jina sikulitaja mimi. Nililetewa. Mchana kweupe, pale posti ya walinzi, na mtu wa koti refu aliyekataa hata kuketi." Akanyoosha kidole. "Na tumia akili yako, mwana wa Mburu. Mimi nilidhani jiwe ni la uongo, nikaapa. Yeye ndiye aliyelileta, anajua ni la kweli. Mbona mpaka sasa nyasi iko mkononi mwake?"

Macho yote yakamwendea Gichuru. Nyasi ilikuwa mkononi mwake.

"Baba mdogo," akasema Ngendo. Alicheka kidogo, vile mtu anavyocheka akiambiwa upuuzi. "Pitisha, tumalizane na huyu mwizi. Sema Wainaina ndiye aliyetaja. Mara moja tu."

Gichuru alilisogelea jiwe. Ncha ya nyasi ikafika kwenye tundu. Ikasimama hapo.

"Siwezi."

"Baba mdogo, pitisha!"

"Siwezi, Ngendo. Nilidhani ataapa yeye peke yake." Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Miguu ilikuwa yangu. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini nilitumwa."

Ngendo alimrukia, akamkamata lile koti la kijivu kwa mikono miwili, mikono ile ile iliyolipaka jiwe rangi. Alikuwa amekula na mtu huyu. Alikuwa amemfulia koti hili. "Nani alikutuma? Nani? Nitakuua hapa hapa!"

Gichuru hakujitetea. Aliinua macho tu, akaangalia kule ukingoni, juu ya bega la Ngendo.

Vijiwe vikasikika vinaporomoka. Mtu alikuwa anashuka machimboni, taratibu, bila kushikwa mkono, na safari hii hakuna mwanamke aliyepiga kelele arudi. Njambi aliifikia githathi, akailaza leso yake chini. Hakulia. Akampita binti yake, akamnyooshea Gichuru kiganja.

"Lete hiyo nyasi," akasema. "Wewe nilikutuma tu, hujui hata nusu."

"Mama?" Ngendo aliliachia koti. "Mama, rudi juu. Hili haliwahusu wanawake."

Njambi aliichukua nyasi, akainama mbele ya tundu la kwanza.

"Umeomba jiwe limalize nyumba yake yote, mwanangu," akasema. "Nyumba yenyewe ni hii yetu."